Namna ya kurekebisha sheria za Dungeons & Dragons ziendane na meza yenu

Kabla hujagusa sheria yoyote, chukua karatasi uandike unataka wachezaji wako wafanye nini ambacho sasa hawakifanyi. Usiandike "mchezo uwe mtamu zaidi", maana hilo halipimiki. Andika kitu cha kuonekana kwa macho: wakimbie vita wasivyoviweza, wazungumze na adui kabla ya kuchomoa panga, waogope giza, wasilale njiani kila baada ya ugomvi mmoja. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, iache sheria kama ilivyo.

Nasema hivi kwa sababu wachezaji hufuata kile ambacho sheria inakilipa. Unaweza kuwahubiria jioni nzima kwamba hadithi hii ni ya mabaharia na wafanyabiashara, lakini kama pointi za kupanda ngazi zinapatikana kwa kuua, wataua. Hawajakaidi. Wamesoma sheria vizuri kuliko wewe uliyeihubiri hadithi.

Mimi kazi yangu ya mchana ni makaratasi ya mizigo bandarini Dar es Salaam. Jumamosi jioni naendesha mchezo huu sebuleni kwangu. Mezani wapo mdogo wangu wa kike, shemeji, jirani wa chini, na vijana wawili wa ofisini. Tunacheza toleo la tano, lile la 2014, kwenye pwani ya kubuni yenye visiwa vya biashara, jina letu wenyewe, ila pepo ni zilezile za kwetu: kaskazi na kusi. Nitatolea mifano meza hii kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Kwa asiyeufahamu mchezo, maelezo ni mafupi. Mtu mmoja, mwendesha mchezo, anaeleza mahali na kinachotokea, na kila mmoja wa wengine anaongoza mhusika wake. Mhusika ana sifa sita zenye namba: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Akitaka kufanya jambo lenye mashaka, anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha nyongeza yake, na akifikia namba iliyowekwa amefaulu. Mengine yote, yaani silaha, uchawi, majeraha na usingizi, yamejengwa juu ya hapo.

Na usiogope kwamba kubadilisha ni kuuvunja mchezo. Wenyewe ulizaliwa kwa kubadilishwa. Dave Arneson kule Minnesota alikuwa akicheza michezo ya vita vya vikosi, akachukua kanuni za mapigano ambazo Gary Gygax na mwenzake Jeff Perren walizitoa mwaka 1971, akazikata na kuziongezea mpaka mchezaji akawa anaongoza mtu mmoja badala ya jeshi. Kutoka hapo yeye na Gygax wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za mwanzo. Na mambo bado yanakwenda hivyo. Kwenye toleo la 2014, kunywa dawa ya uponyaji kulikula tendo lako lote la zamu, dawa yenyewe ikirudisha wastani wa pointi 7 tu za uhai. Meza nyingi duniani ziliona ni hasara, zikaruhusu dawa inyweke kwa tendo dogo, na mhusika abaki na nafasi ya kupiga. Toleo la 2024 limeifanya hiyo kuwa sheria rasmi.

Anza na dadu ulizonazo

Mchezo unataka dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Madukani kwetu utakayoipata bila kutafuta ni ya ludo. Kuna programu za simu zinazorusha dadu za kila aina, lakini simu ikishaingia mkononi ujumbe nao unasomwa, na mezani kwangu nimezikataa. Njia tunayotumia ni dadu mbili za ludo na karata kumi, kuanzia ree mpaka kumi, za rangi moja.

Kwa dadu ya pande 20, changanya hizo karata, chomoa moja, na rusha dadu ya ludo. Ikitoka 1, 2 au 3, namba yako ni ya karata. Ikitoka 4, 5 au 6, ongeza 10. Ree na dadu ya 2 ni 1. Kumi na dadu ya 5 ni 20. Kila namba ina nafasi sawasawa, moja kati ya ishirini. Ya pande 10 ni karata peke yake. Ya pande 8: dadu moja ikupe 1 mpaka 4 (ikitoka 5 au 6, rudia), ya pili ikiwa shufwa ongeza 4. Ya pande 12: dadu moja isome kama ilivyo, ya pili ikiwa shufwa ongeza 6. Usidanganyike kujumlisha dadu mbili za ludo ukaita ni pande 12. Jumla ya dadu mbili haiwezi kuwa 1, na 7 hutoka mara moja kati ya sita, ilhali 12 hutoka mara moja kati ya 36.

Karata irudishwe na kuchanganywa kila mara. Ukiziacha nje mpaka ziishe, umetengeneza mchezo mwingine, kwa sababu mtu aliyeona karata ndogo zote zimeshatoka anajua kwamba bahati inakuja. Hilo linaweza kuwa jambo zuri sana, ila ulichague ukijua unachokichagua.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaiacha kabisa dadu ya pande 20 na kurusha dadu tatu za ludo kwa pamoja. Wastani ni uleule, 10.5, na kwa hiyo watu hudhani hakuna kilichobadilika. Kaa chini upige hesabu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza mwenye nyongeza ya 5 anampiga goblini (kijitu kikorofi) mwenye kinga ya 15, yaani namba ya kufikia ili pigo limpate, kwa hiyo anahitaji dadu itoe 10 au zaidi. Kwa dadu ya pande 20 ni asilimia 55, kwa dadu tatu ni asilimia 62.5. Tofauti ndogo. Sasa mpe adui aliyevaa chuma mwili mzima na kushika ngao, kinga 20, anahitaji 15. Dadu ya pande 20 inampa asilimia 30, dadu tatu zinampa asilimia 9.3. Na dhidi ya zimwi lenye kinga 11, anayehitaji 6 anapanda kutoka asilimia 75 mpaka 95. Yaani wanyonge wanakuwa wanyonge zaidi, wenye silaha nzito hawaguswi, na bahati ya mtoto wa mtaani kumwangusha bwana mkubwa inafutika. Kama hadithi yako ni ya watu wenye ujuzi ambao wanajua wanachokifanya, chukua dadu tatu, ila shusha kinga za maadui wako wakubwa kwa pointi mbili au tatu. Kama unapenda maajabu, baki na ishirini.

Lipa kile unachotaka kukiona

Hapa ndipo ningekushauri uanzie, na ikibidi uishie hapohapo.

Katika kanuni za mwanzo za 1974, pointi za kupanda ngazi zilitoka zaidi kwenye hazina: kipande kimoja cha dhahabu, pointi moja. Kuua kulilipa kidogo. Matokeo yake wachezaji walijifunza kunyata, kuhonga, kudanganya, kuingia kwa mlango wa nyuma, maana vita vilikuwa gharama na dhahabu ndiyo faida. Toleo tunalocheza sisi linahesabu maadui walioshindwa: goblini pointi 50, zimwi 450, na unahitaji 300 kufika ngazi ya pili. Mwendesha mchezo anaweza kutoa pointi kwa mambo mengine pia, lakini namba iliyochapwa kwenye ukurasa wa kila kiumbe ndiyo inayokaa akilini mwa mchezaji.

Mezani kwetu kuua hakulipi hata pointi moja. Kinacholipa ni shehena iliyofika. Kundi linapokea mzigo kutoka kwa mwenye mali, tuseme mafungu ya pembe za ndovu, marobota ya vitambaa au masanduku ya shanga, na likifikisha salama linagawana pointi 900, sawa na kuwaua mazimwi mawili. Mzigo ukipungua nusu njiani, pointi nusu. Ukiharibika maji, tunajadiliana na mpokeaji kwa mdomo, na hapo Mvuto unafanya kazi yake.

Ngoja nioneshe kilichotokea. Chombo chao kilizuiwa mdomoni mwa mto na watu wenye mitumbwi kumi na zaidi, wakidai ushuru. Shemeji anacheza mpiganaji mwenye shoka, na zamani angeshalinyanyua. Safari hii aliuliza: "Tukipigana, mzigo uko upande gani wa chombo?" Nikamwambia uko sitahani, juu, karibu na ubavu wa kushoto, umefunikwa turubai. Akanyamaza. Jirani yangu akaanza kupanga bei na yule mkubwa wa mitumbwi, mdogo wangu akatumia muda huo kuhamisha marobota chini ngamani, na jioni nzima ikaisha kwa mabishano ya ushuru ambayo yalikuwa na joto kuliko vita vyovyote nilivyowahi kuviandaa. Sikuwaomba wajadiliane. Sheria ya pointi ndiyo iliyowaomba.

Wewe si lazima ulipe kwa shehena. Ukitaka hadithi ya upelelezi, lipa kwa siri iliyogunduliwa. Ukitaka hadithi ya ukoo unaorudisha heshima yake, lipa kwa deni lililolipwa na ndoa iliyofungwa. Ila kilipe kitu kimoja, viwili vikizidi, na kitajwe wazi mbele ya wote kabla hamjaanza. Malipo ya siri hayamfundishi mtu.

Usingizi, na kwa nini pepo zilituokoa

Hili wengi hawalioni mpaka wamechoka nalo. Toleo la tano lina mapumziko ya aina mbili: mafupi ya saa moja, na marefu ya saa nane, yanayorudisha karibu kila kitu. Na mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unasema wazi kwamba kundi la kawaida linaweza kuhimili mapambano sita hadi nane ya kiasi au magumu kwa siku moja. Mizani ya wahusika imesimama hapo. Mchawi wa ngazi ya 5 ana nafasi 9 za kutumia uchawi mpaka alale usiku mzima. Mpiganaji anategemea zaidi vitu vinavyorudi kwa mapumziko mafupi.

Sasa nani kwenye safari ya baharini anapigana mara sita kwa siku? Katika hadithi ya safari kuna tukio moja leo, kesho kutwa lingine. Mchawi anamwaga nafasi zake zote tisa kwenye ugomvi mmoja, analala, anaamka amejaa. Mpiganaji anabaki kubeba mizigo. Ukisikia mezani mtu anasema "mhusika wangu hana kazi", kabla hujampa upanga wa ajabu wa kumpoza, angalia kwanza mnalala mara ngapi.

Mwongozo huohuo una kanuni mbadala: mapumziko mafupi yawe usiku mzima, marefu yawe siku saba. Nimeichukua na kuifungia bandarini. Usiku wowote njiani ni mapumziko mafupi. Mapumziko marefu yanapatikana bandarini tu, kwa wiki nzima, na lazima uwe na mwenyeji anayekupokea. Sharti la mwenyeji ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ghafla wachezaji wanakumbuka majina ya watu. Wanapeleka zawadi. Wanauliza hali ya mtoto aliyekuwa mgonjwa. Wakimtapeli mfanyabiashara mmoja, wanajua wamejifungia mlango wa kulala katika mji mzima.

Lakini wiki ya kulala haina maana kama muda hauna bei, na hapo ndipo pepo zinaingia. Kaskazi huvuma takriban Desemba mpaka Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na kuvirudisha. Biashara ya Kilwa na miji mingine ya pwani yetu iliishi kwa ratiba hiyo kwa karne nyingi. Nimechora kalenda ya wiki kwenye ubao, na kila mguu wa safari unakula wiki moja au mbili. Kulala wiki moja bandarini ni kuila wiki ya kaskazi. Kaskazi ikiisha hujaondoka, utakaa hapo miezi, utakula akiba, na mzigo wa mwenyewe utachelewa. Mara ya kwanza walipolazimika kuchagua kati ya kumponya mwenzao na kuwahi upepo, hakuna aliyegusa chakula kilichokuwa mezani.

Ukiibadili sheria ya usingizi, pitia vitu vyote vilivyopimwa kwa saa. Upo uchawi wa kinga unaodumu saa 8, uliokusudiwa kufunika siku nzima ya hatari. Kwenye kalenda ya wiki unakuwa hauna thamani. Sisi tumesema: chochote kilichoandikwa saa 8 kinadumu mpaka mapumziko mafupi yanayofuata, na kilichoandikwa saa 24 kinadumu mpaka bandari inayofuata. Sentensi moja imetatua uchawi wote wa aina hiyo. Tafuta sentensi za namna hiyo, usianze kuandika upya kitabu.

Sheria ya upanga kuponyoka

Karibu kila meza niliyoisikia ina sheria hii: ukirusha ukapata 1, jambo baya linakupata, upanga unakuponyoka au unamkata mwenzako. Naielewa raha yake. Watu wanapiga kelele, wanacheka. Lakini tazama inamlenga nani.

Mpiganaji wa ngazi ya kwanza anapiga mara moja kwa zamu, kwa hiyo ana asilimia 5 ya aibu. Ngazi ya 5 anapiga mara mbili, inakuwa asilimia 9.75. Ngazi ya 11 anapiga mara tatu, asilimia 14.3. Akifika ngazi ya 20, kilele cha ustadi, mapigo manne, asilimia 18.5. Bingwa wa panga wa nchi nzima anaangusha upanga wake takriban zamu moja kati ya tano au sita, mara nyingi kuliko kijana aliyeununua jana. Na mchawi anayetupa moto? Mara nyingi yeye harushi dadu ya kulenga, maadui ndio wanaorusha kujikinga. Kwa uchawi wa namna hiyo, ile 1 haimpati kamwe. Sheria imemwadhibu aliyejifunza, ikamsamehe aliyesimama mbali.

Ukiipenda, itunze kwa masharti. Kwetu, ni pigo la kwanza tu la zamu linaloweza kuharibika. Na aliyerusha ndiye anayechagua ubaya wake kati ya miwili: ama adui aliye karibu anasogea anakotaka bila wewe kumzuia, ama kitu kimoja ulichobeba kinaanguka. Uchaguzi umeleta kitu ambacho sikukitarajia kuwa kizuri kiasi hiki, kwamba mtu anaeleza mwenyewe namna alivyoteleza, na anaeleza kwa heshima ya mhusika wake.

Kwenye upande wa 20 kuna majaribu mengine. Kanuni inasema ukipata 20 kwenye pigo unazidisha mara mbili idadi ya dadu za majeraha. Wengi hukereka wakirusha dadu mbili wakapata 1 na 2, hivyo wanaweka kwamba dadu za kwanza zihesabiwe kwa kiwango cha juu kabisa, kisha urushe tena uongeze. Upanga wa dadu ya pande 8 unapanda kutoka wastani wa 9 mpaka 12.5. Vizuri. Lakini zimwi nalo linapata 20. Rungu lake ni dadu mbili za pande 8 na nyongeza ya 4, wastani 13. Kwa kanuni ya kitabu, 20 inafanya wastani uwe 22. Kwa kanuni hiyo mpya ni 29. Goblini anaishi pambano moja, mhusika wako anaishi mapambano mamia, kwa hiyo atakayekutana na 20 nyingi za adui ni mchezaji. Zawadi yoyote unayowapa wachezaji, jiulize kwanza ikirudi kutoka upande wa pili itaua nani.

Mizigo

Kitabu kinasema unabeba Nguvu mara 15, kwa ratili. Mtu wa kawaida mwenye Nguvu 10 anabeba ratili 150, karibu kilo 68, bila kupunguza mwendo wala kuchoka. Mimi nawaona wachukuzi kila siku. Gunia la kilo 50 mgongoni ni mwendo wa hatua fupi, shingo imeinama, na hakuna mtu anayepigana nalo. Mbaya zaidi, hakuna mezani anayehesabu ratili, kwa hiyo sheria ipo na haifanyi kazi.

Tunatumia nafasi. Una nafasi sawa na Nguvu yako. Silaha ya mkono mmoja nafasi moja, ya mikono miwili mbili, deraya nzito nne, kamba moja, mienge mitatu nafasi moja, sarafu mia nafasi moja. Robota la biashara linakula nafasi nane na mikono yote miwili. Ukizidi nafasi, hukimbii na unarusha dadu mbili na kuchukua ndogo kwa kila jambo la Wepesi. Kila mtu amechora viboksi pembeni ya karatasi yake na kuviandika kwa penseli. Inachukua dakika chache, na sasa mtu akiokota sanamu ya shaba anauliza aache nini.

Kukubaliana, kuandika, kujaribu

Sheria mpya haitangazwi katikati ya vita, hasa ikiwa inamwumiza mtu ambaye tayari ameshachagua alichochagua. Jambo lisilo na sheria likitokea, amua palepale kwa faida ya mchezaji, sema "leo twende hivi", liandike kwenye daftari, na mlizungumze mkishamaliza, watu wakiwa wanakunywa chai. Kwenye mazungumzo hayo mwendesha mchezo awe na sauti moja kama wengine. Anayeumia na sheria aseme kwanza.

Kila sheria mpya iandikwe kwa sentensi moja au mbili, na pembeni yake tatizo inalolitibu. Ijaribiwe kwa vikao vitatu hivi, moja moja. Ukiingiza sheria nne kwa mkupuo na mchezo ukaharibika au kunoga, hutajua ni ipi iliyofanya kazi. Kama mtu anauliza maana yake kila kikao, imeandikwa vibaya au haifai. Zote zikae ukurasa mmoja. Ukijaa, futa moja ndipo uongeze.

Kuna makubaliano ambayo si ya dadu, na yawahi kabla ya yote. Muulize kila mtu kwa faragha ni kitu gani hataki kitokee mezani. Kwetu mmoja aliomba pasiwe na majini wala watu kupagawa, kwa kuwa kwao hayo si hadithi. Nimeyatoa kabisa, na viumbe wa aina hiyo kwenye kitabu nimewavika umbo la samaki wakubwa na watu wa mwambao wa matumbawe, namba zilezile. Hakuna aliyewahi kuona pengo. Heshima ya namna hii nayo ni sheria ya mezani, tena ndiyo ya kwanza.

Na kama unataka kuandika toleo lenu kwa Kiswahili na kulisambaza, au hata kuliuza, njia ipo. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, wenye mchezo huu, iliweka hati ya kanuni za msingi za toleo la tano, namba 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons CC BY 4.0. Unaruhusiwa kutafsiri, kubadilisha na kuuza, mradi uweke tamko la kuwataja wenyewe kama hati inavyoelekeza. Si kila kilichomo vitabuni kimo kwenye hati, kwa hiyo fanyia kazi hati yenyewe, usinakili kitabu. Natamani sana kuona kanuni hizi kwa Kiswahili kizuri, zenye vyombo vya baharini na masoko yetu, mikononi mwa vijana wa Tanga, Bukavu na Lamu.

Inayojaribiwa kwetu sasa ni ya mwanga, tumeiazima kutoka mchezo mwingine: mwenge ukiwashwa pangoni unadumu saa moja ya saa ya ukutani, wala si ya hadithini. Tatizo lililoandikwa pembeni ni "tunapiga soga mno ndani ya mapango". Soga imepungua kweli. Jirani anaona inambana anayependa kufikiri taratibu, na ana hoja. Shemeji ameomba sharti moja tu, nalo limeshaandikwa kwa wino: watu wakisimama kuswali Isha, mwenge hauungui.